Rimu ya Tano

Kilwa Masoko,
Jumamosi asubuhi.

Mama yangu mpenzi, Bi Mwahija,

Shikamoo mama. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naanza kwa kuyaulizia magoti yako, maana najua mvua hizi za mwanzo huyaamsha, kisha kifua, kisha yule mbuzi mwekundu kama alizaa salama. Nawaulizia na majirani wa Kikole, hasa yule wa upande wa kisima anayekuletea kuni, na watoto wa marehemu mjomba Issa. Wajukuu wako hawajambo, wanakula na kugombana kama kawaida yao. Mimi mwenyewe, mama, ni mzima wa kutembea tu. Siwezi kukuandikia kwamba hali ni njema, kwa sababu nikianza kwa uongo barua hii itanishinda kuimaliza.

Najua unajiuliza kwa nini barua wakati simu unayo. Idi iliyopita uliniambia, ukiwa unachambua mchele wala hukuinua macho, kwamba siku nitakayomtaja Baba kwenye simu utakata, na umeshakata mara mbili. Karatasi haikatwi. Kuchanika inachanika, lakini nakuomba mwanao usiichane mpaka ufike mwisho. Aliyekuletea ni Dionis, fundi wa magari hapa Masoko, mtu wa kutoka Newala, mpole, haongei ovyo. Mpe maji, mwache akae kivulini. Nimemwambia asikuharakishe wala asikueleze kitu.

Habari yenyewe ni ya lile gari la Baba, Pijo. Usikunje uso. Uliletwa nalo mjini ukiwa bibi harusi, na mabibi harusi wa nusu ya Masoko walipanda baada yako kwenye kiti kilekile, kwa hiyo unalijua kuliko mimi. Lilipochoka, Baba alilipandisha juu ya mawe uani, akalifunika turubai, na chumvi ya bahari ikaanza kula ilichotaka. Watu walikuja kuulizia vyuma chakavu, akawafukuza kwa fimbo.

Msiba wa mjomba Issa ulipotokea, Baba hakuja kuzika, na wewe ulilihesabu hilo. Ulikuwa na haki. Lakini wiki ile hakula. Alikaa pembeni ya gari, kisha jioni moja akaniita, akasema anataka kwenda Kikole kukuomba radhi kabla hajafa. Nilimwambia basi twende kesho, nikodi bajaji, tufike kabla jua halijawa kali. Akasema hapana. Akasema mwanamke huyu nilimleta kwa gari hili kwa vigelegele, siendi kumwomba radhi nimekaa nyuma ya bajaji kama gunia la mkaa. Kwanza gari litafutiwe miguu. Nikacheka, na nilifurahi, nikadhani ni kiburi chake kilekile, safari hii kimegeukia upande mzuri. Nikamwita Dionis.

Sasa naomba univumilie kidogo, kwa sababu bila kuelewa habari ya rimu hutaelewa yaliyobaki. Magari ya siku hizi rimu zake zinashikwa na nati nne au tano. Pijo lile ni nati tatu tu, na rimu za nati tatu hazipo madukani tena, si Lindi, si Dar es Salaam. Dionis alizitoa nne zilizokuwa chini ya gari, akazipiga msasa. Mbili zilikuwa na uhai. Mbili nyingine unapitisha kidole unatokea upande wa pili. Ya tano, ile ya akiba, haikuwepo, na mimi na wewe tunajua ilisemwa imekwenda wapi.

Niandike ilivyosemwa, ili ujue kwamba nakumbuka. Nilikuwa darasa la saba. Baba alikuwa ameamka kutoka kwenye homa ile kubwa iliyomlaza baada ya kupeleka harusi mbali, akafungua buti, gurudumu la akiba hakuna. Siku zile mjomba Issa alikuwa anaunda mkokoteni. Ijumaa baada ya swala, mbele ya wazee wa barazani, Baba akasema mke wake amemwibia gurudumu akampa kaka yake. Mjomba aliuleta mkokoteni wake akaugeuza kifudifudi watu waone kwamba magurudumu yake ni ya gari jingine, na bado akaambiwa basi atakuwa ameliuza. Jioni ile ukapewa talaka. Uliondoka juu ya lori la ufuta, godoro lako likiwa limefungwa kwa kamba ya katani, na mjomba hakukanyaga tena Masoko mpaka anakufa.

Basi Dionis akatoa shauri. Akasema vikombe vya nati, vile vinavyobeba rimu, vichongwe upya, viwekewe nati tano, tuvalishe rimu za Toyota, zimejaa Lindi, na matairi mapana yanapatikana hata hapa sokoni. Alileta moja tuijaribu, inang'aa kama sufuria jipya. Baba aliizunguka mikono nyuma, akauliza kama tunataka kumvalisha mzee viatu vya disko. Ikarudi. Nikaenda Lindi kuulizia matairi membamba ya saizi yake, mia sitini na tano kwa kumi na tano, nikayapata, meno yake hayajaguswa. Baba akapitisha kidole ubavuni kwenye zile tarakimu za mwaka, akasema haya yamezeeka dukani, yatapasuka njiani na Bi Mwahija atasikia nimekufa nikienda kwake, atacheka. Yakarudi. Nikaleta mengine mapya kabisa, akasema yana sauti barabarani. Nikamwuliza amesikiaje sauti ya tairi lililolala chini ya kitanda. Nayo yakarudi.

Mwaka ukapita hivyo, mama, na mimi mjinga nikiona raha kutumwa. Kilwa Kivinje tulipata rimu moja nzima kwa Bi Shamimu, mjane wa dereva teksi, alikuwa anaegemezea mlango wa banda la kuku. Hiyo Baba akaikubali shingo upande. Tukawa na tatu, na gari halitembei kwa miguu mitatu. Kisiwani tuliambiwa ipo, nikavuka, nikakuta wameifanya nanga ya mtumbwi na imekwisha. Lindi, karibu na stendi, nilimkuta mama lishe mmoja, Tekla, anapikia wali juu ya jiko la rimu, nikachungulia chini ya sufuria yake, nati tatu! Nilitaka kumkumbatia. Lakini Dionis aliigonga kwa spana akasema moto umeshailegeza, haiwezi kubeba gari. Tekla akanionea huruma. Akasema kwao Milola kuna nyingine hiyohiyo, inaning'inia kwenye mti mbele ya kigango cha kanisa, ndiyo kengele yao, anaisikia tangu akiwa msichana.

Nilirudi Masoko napaa. Nilipomwambia Baba neno Milola, akageuka mtu mwingine. Akasema Milola hakuna kitu, nisiende, na nikienda nisirudi nyumbani kwake. Kisha akasema gari liachwe. Kesho yake akasema litafutwe, lakini tujaribu Mtwara, tujaribu Masasi. Kila mahali alikuwa tayari kunituma, isipokuwa huko. Dionis aliniambia, tukiwa wawili tu, kwamba mteja anayekataa kila tairi zuri hatafuti tairi. Nilimkaripia. Nilimwambia afanye kazi yake ya mikono aniachie baba yangu.

Kisha kiharusi kikampiga Baba, mwezi uliopita, akiwa anatia udhu. Upande wa kulia wote umekwenda na ulimi nao. Hospitali walituhudumia walivyoweza, wakatuambia tumrudishe nyumbani, tukae naye, tumsomee. Namlisha uji kwa kijiko, nusu unarudi. Namgeuza ili mgongo usioze. Anachosema ni sauti tu, kama mtu anayeita kutoka ndani ya pipa. Safari ya Kikole imekwisha, mama. Hata ningempata farasi hawezi kukaa juu yake, na hata ningembeba mpaka mlangoni kwako, neno la kukuomba hana tena.

Nikaenda Milola. Sikuwa na akili ya kwenda, nilikwenda tu kwa sababu hakuna tena wa kunikataza. Katekista wao ni mzee anaitwa Valentini. Nilimweleza shida yangu, naye akanipeleka chini ya mti. Rimu imefungwa kwa mnyororo, rangi imebaki kidogo, ile ya maziwa, na upande mmoja umebonyea kwa kugongwa miaka yote hiyo. Nikapitisha mkono karibu na tundu la nati. Zipo, mama. Nukta tatu. Zile alizozigonga kwa patasi kwenye rimu zake zote ili zisibadilishwe gereji, na wewe ndiye uliyemshikia kwa miguu yako miwili huku unaziba masikio, nami nikiangalia.

Nilikaa chini palepale. Valentini alidhani nimeishiwa nguvu kwa njaa, akanifuatia muhogo. Baadaye akanieleza bila mimi kumwuliza sana. Alisema gari la harusi lilipata pancha pale siku ya mvua, dereva akafunga gurudumu la akiba, lile lenye pancha akaliacha kwa fundi wa kuziba, akaahidi kulifuata Jumapili. Alikuwa anatetemeka, homa imeshampanda. Hakurudi. Fundi akangoja miezi, akavua tairi akalitumia, na rimu akaitoa sadaka kigangoni, kwa kuwa walikuwa wanaita watu kwenye ibada kwa kupiga kopo.

Kwa hiyo hukuiba, na mjomba hakuuza. Gurudumu lilisahauliwa na mwenyewe, akiwa na malaria kichwani. Kama yangekuwa yameishia hapo ningekuja mbio kwa miguu yangu nikuimbie. Hayakuishia hapo, na hili linalofuata nimekaa nalo siku kadhaa nikitafuta namna ya kutokuandikia.

Valentini alisema mwaka uliofuata, Noeli ikikaribia, yule dereva alikuja. Alikuja kwa basi, peke yake. Aliulizia kwa fundi, kisha akaenda moja kwa moja chini ya mti, akaigeuza rimu, akaweka kidole kwenye zile nukta. Valentini alimwambia kama ni yake waifungue aondoke nayo. Akasema iacheni, angalau hapa inaita watu kwa Mungu. Akakaa kwenye benchi la kigango mpaka basi la kurudi. Kabla hajaondoka alimwomba Valentini aipige mara moja asikie mlio wake, na ilipolia alijifunika uso kwa kofia.

Alijua, mama. Wewe ulikuwa Kikole, hujaolewa na mtu. Mjomba alikuwa hai, anaitwa mwizi. Baba alijua, akapanda basi akarudi Masoko, akakaa barazani na wazee walewale akanywa kahawa. Safari ile naikumbuka. Alisema amekwenda Lindi kutafuta vipuri, na aliniletea sweta la shule la buluu. Nililivaa nilipokuja kwako likizo, ukalisifu.

Sasa nimeelewa zile rimu za disko na matairi yenye sauti. Alikuwa anataka kuja kwako na anaogopa kufika, maana akifika itambidi aseme lini alijua. Rimu moja tu ndiyo iliyokuwa imebaki gari lisimame, na hiyo moja ndiyo hasa aliyokuwa anaikimbia. Nimemchukia, mama. Nimemchukia na nimemwosha kwa mikono hiihii.

Tuliwapa watu wa kigango rimu ya lori, kubwa, Dionis aliitafuta, na Valentini aliipiga mara mbili akaridhika. Ile yetu nikaja nayo kwenye basi, imefungwa kwenye khanga. Nikaiweka kitandani pembeni ya Baba, upande wa mkono ulio hai. Mkono ukatembea juu ya chuma, ukafika kwenye nukta, ukazifunika. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo mtoto hapaswi kumpandishia mzazi, kwa nini alinyamaza. Alifungua mdomo. Alijaribu, mama, mishipa ya shingo ikasimama, na kilichotoka si neno. Machozi yakamtoka upande mmoja tu. Nikatoka nje nikakaa jikoni.

Jana ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala niliibingirisha ile rimu kutoka nyumbani mpaka barazani, barabara nzima ikilia kwenye mawe, watu wakichungulia madirishani. Wazee waliobaki wa siku ile ni wachache. Mzee Abdulrahmani yupo. Niliilaza katikati yao nikawaonyesha nukta, nikawaeleza habari ya Milola yote, ya pancha na ya basi la Noeli. Mzee Abdulrahmani akaniita mwanangu, akasema maneno haya ni mazito, mgonjwa asitiriwe. Nikamjibu kwamba mjomba Issa hakusitiriwa, alipindua mkokoteni wake hapahapa mbele ya miguu yenu. Baadaye mmoja akasema Mungu amrehemu Issa, alikuwa mtu safi, na wengine wakaitikia. Nimeona nikwambie hili kwanza, uwe nalo mkononi vyovyote utakavyoamua. Jina lako na la kaka yako limesafishwa palepale lilipochafuliwa. Limechelewa mno, najua. Aliyelihitaji zaidi yuko chini ya udongo.

Ningeweza kukuficha. Ningekuandikia tu kwamba mzee amekutafutia magurudumu mwaka mzima aje kukuomba radhi, jambo ambalo ni kweli, na moyo wako ninavyoujua ungelainika, ungesema nimemsamehe, nami ningemnong'oneza sikioni akatulia. Nilikuwa nimeshaandika hivyo kwenye karatasi nyingine. Nikaichana, kwa sababu ungekuwa umesamehe kosa dogo na hilo kubwa lingebaki halijaguswa, na wewe umeshadanganywa vya kutosha katika nyumba hii.

Lakini pia siwezi kungoja. Unajua desturi yetu. Siku ya kumzika watasimama wanaume makaburini, watauliza kama kuna mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze, au amsamehe. Watajibu wamemsamehe, kwa sauti moja. Mjomba hatakuwepo kujibu. Na wewe, hata ukiwa Masoko, utakuwa ndani na wanawake, hakuna atakayekuja mlangoni kukuuliza. Atazikwa na swali lako bila kuulizwa. Ndiyo maana nakuuliza mimi, sasa, wakati bado anapumua na sikio lake moja linasikia.

Gari limesimama, mama. Dionis hakuwa na mzee wa kumkataza tena, akachagua matairi membamba ya kawaida, akayafunga asubuhi moja. Rimu ya Milola aliifunga jana baada ya mimi kutoka nayo barazani. Kwa kuwa mdomo wake umebonyea haishiki upepo, ameitia mpira wa ndani. Anasema haitakwenda mbali, lakini Kikole na kurudi itafika kama gari haliendeshwi kwa pupa. Nilimwomba alifiche nyuma ya ghala la ufuta aje kwako kwa miguu, nisije nikakushtua kwa muungurumo wake kabla hujasoma. Ukitaka, nenda ukalione. Ile rimu iko nyuma upande wa kushoto. Inama uitazame mwenyewe, hata kama hutaki kingine chochote kutoka kwetu.

Si mume wako tena, na mtu yeyote asikwambie una wajibu. Ukipanda, nitakushukuru mpaka nife. Ukikataa, sitakuuliza sababu, maana nimekuandikia zote mwenyewe. Ukitaka kuja ili umwambie mbele ya macho yake kwamba hukumsamehe, njoo pia. Nafikiri hata hilo analingoja. Kitu ambacho hawezi kukivumilia tena ni kunyamaza, na ndicho kilichobaki kinywani mwake.

Mama, nimechoka. Sina matumaini ya kukupa wala ya kujipa. Daktari hakutuahidi wiki, na huenda unaposoma hapa ameshatutoka. Wasalimie wote wa Kikole, nibusie watoto wa mjomba Issa, uwasomee yale ya barazani, wao zaidi ya wote. Mungu akupe afya ya magoti na moyo usioumia zaidi ya hapa.

Leo sitoki chumbani kwa Baba. Dirisha liko wazi upande wa barabara, na milango ya Pijo unaijua mlio wake, haifungiki mpaka ipigwe kwa nguvu. Dionis akirudi tutasikiliza, mimi na Baba, kama utapigwa mlango mmoja wa dereva au miwili.

Mwanao akupendaye,
Zuhura binti Yahya